Visanduku Vinane vya Mwisho

Ofisini kwetu waliniita Sabini na Mbili. Walidhani naudhika, kumbe nilipenda. Mhaya mpe cheo, hata cha kejeli, atakivaa, na wenzangu Wasukuma walilijua hilo kabla yangu. "Nshomile huyo, msomi wetu, amefika," walisema nikiingia asubuhi, "vuteni maandishi ndani ya mstari." Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimerudi kutoka Dar es Salaam nilikofundishwa kwa miezi sita kuandika maelekezo ya kompyuta, na katika jengo lote lile la ghorofa mbili karibu na bandari ya Mwanza hapakuwa na mwingine aliyewahi kuiona hiyo kompyuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeigusa.

Sasa nimezeeka. Siku hizi wajukuu zangu wanafanya kazi hiyo hiyo wakiwa wamekaa kitandani, na nikiwasikia wakilalamika kwamba mkubwa wao kazini anawasumbua kuhusu urefu wa mistari, nainuka na kwenda nje. Hawajui ninakokwenda wala kwa nini. Naandika ili wajue, na pia kwa kuwa nimelificha jambo hili muda mrefu hata limeanza kuniozea ndani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanza hapakuwa na mashine. Tulikuwa na karatasi kubwa zilizochorwa visanduku, themanini kila mstari, na kila kisanduku kilikaa herufi moja au tarakimu moja. Tuliandika kwa penseli, tukafunga karatasi kwa kamba, zikapanda treni kwenda Dar. Huko wasichana walikaa mbele ya mitambo ya kutoboa, wakageuza kila mstari wetu kuwa kadi moja yenye matundu, na kadi hizo ndizo zilizolishwa mashine. Majibu yalirudi kwa treni pia, yamepigwa chapa kwenye karatasi pana. Kosa lililofanyika Jumatatu lilikuja kujulikana baada ya majuma mawili, likijulikana.

Kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa ya urefu. Mstari una visanduku themanini, lakini mashine husoma sabini na viwili tu. Vinane vya mwisho haivisomi. Haikatai wala haigombi, inapita tu kama mtu asiyejibu salamu. Kama maneno yako hayajaisha ukifika sabini na mbili, unakoma, unashuka mstari wa pili, unaweka alama ya kuonyesha kwamba huu ni mwendelezo, unaendelea. Mwalimu wetu alitufanya tulirudie hilo kila asubuhi kama sala.

Kanuni ya pili ilikuwa ya mwandiko. Tulikuwa wanne tunaoandika kazi moja, na wale wasichana wa Dar hawakuwa na muda wa kuzoea mikono minne. Kwa hiyo niliwafundisha wenzangu kuandika mkono mmoja. Sifuri inapigwa mkato, saba inafungwa mshipi kiunoni, tisa inafungwa kichwa kwanza halafu mkia unashuka wima. Kila asubuhi, nusu saa, watu wazima wenye watoto walikaa wakiandika tisa, tisa, tisa kama darasa la kwanza, nami nikizunguka nyuma yao na rula. Waliniteta, nilijua. Mkubwa wa ofisi, mzee mmoja mpole aliyekuwa zamani karani wa pamba, alinitazama mlangoni akitikisa kichwa, lakini hakunizuia.

Aliyeshika haraka kuliko wote alikuwa binti mmoja Mjita, kwao pwani ya ziwa upande wa Musoma. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne hivi, akiniita kaka. Mwezi wa tatu nilichukua karatasi yake na yangu, nikaziweka sambamba dirishani, nikashindwa kuzitofautisha. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwita aje aone. "Karatasi nzuri," nikamwambia, "haijulikani imeandikwa na nani." Akacheka kwa aibu, akafunika mdomo.

Halafu mvua zikakataa. Msimu wa kwanza, na wa pili. Watu walikuwa ndiyo kwanza wamehamishiwa vijiji vya ujamaa. Mashamba ya zamani yako nyuma, mapya hayajafyekwa. Ziwa lilirudi nyuma likaacha tope linalonuka, na alasiri wadudu wadogo wa ziwani waliinuka kama moshi, wakaingia ofisini, wakajibandika kwenye karatasi zetu. Tulipewa kazi ambayo hatukuwahi kupewa mfano wake: kuandika maelekezo ya kugawa mahindi ya msaada. Mashine ingesema kila kijiji kipate magunia mangapi, malori yangepakia kwa kufuata karatasi hiyo, basi. Asiyekuwemo humo, lori halimfikii.

Kila kijiji kilikuwa namba, si jina. Ufunguo wa namba hizo ulikaa kwenye kabati la mkubwa, ili mtu yeyote kati yetu asije akakipendelea kijiji cha kwao. Kanuni hiyo pia niliitetea mimi. Na kwenye mstari wa kijiji tuliandika idadi ya watu wa kila kitongoji kilichohamia pale, kwa mpangilio wa kufika: waliotangulia mwanzo, waliochelewa mwisho, na alama ya kujumlisha katikati.

Wakati huo huo karatasi zikaadimika. Kila kitu kiliadimika, sabuni, viberiti, nyembe, lakini karatasi zilituuma sisi zaidi. Katibu wa tawi la chama pale kazini, Msukuma mmoja mchapakazi ambaye hakuwahi kuchelewa hata siku moja, alipita mezani kwangu akaona jambo ambalo hakuliona kabla. Katika mkutano wa wafanyakazi akasimama na karatasi yetu mkononi.

"Ndugu zangu," alisema, "nimehesabu. Kila mstali visanduku vinane vitupu. Kila mstali! Kalatasi nzima, karibu visanduku mia mbili tunavitupa. Watoto wetu shuleni wanaandika mchangani kwa vidole. Nataka Ndugu Sabini na Mbili atueleze."

Watu walicheka. Nikasimama. "Ndugu Katibu, mashine haisomi pale."

"Nani kasema?"

"Mwalimu wangu, Dar."

"Mwalimu gani huyo? Mzungu?"

Alikuwa Mzungu, nami nilichelewa kujibu. Kicheko kikakatika ghafla.

"Kwa hiyo Mzungu kasema tuache vinane, na sisi tunaacha," katibu alisema polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafikiri kwa sauti. "Kama mtu anatupa mali ya umma kila siku, na anajua anatupa, sisi tunamwita nani?"

Hakutaja neno hujuma. Halikuhitaji kutajwa. Miaka ile mtu alikuwa akisikia kivuli cha neno hilo tu, jasho linamtoka. Nilimtazama mkubwa wa ofisi aniokoe. Akatazama viatu vyake. Azimio likapita kwamba mistari yote ijazwe mpaka kisanduku cha themanini. Nami niliinua mkono pamoja na wengine.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekagua karatasi zote kabla hazijafungwa, nilitafuta njia. Mchana wenzangu waliposhuka kula samaki furu wa kukaanga kwa mama lishe, nilibaki nikinakili upya kila mstari uliovuka, nikiukata sehemu mbili kama inavyotakiwa. Mwandiko ulikuwa mmoja, nani angejua? Karatasi zao nilizichana nikazitupa chooni. Majuma matatu nilifanya hivyo, shingo inauma, tumbo tupu, na moyoni nikijiona mtakatifu.

Mkutano uliofuata katibu akasimama tena, anatabasamu. "Mnaona, ndugu zangu? Tumejaza mpaka mwisho, na mashine haijalalamika hata kidogo. Uoga tu ule. Makofi kwa Ndugu Sabini na Mbili kwa kutii azimio."

Wakanipigia makofi. Mpaka leo nikiyakumbuka makofi yale nasikia hasira, na hasira ndiyo iliyonifikisha nilipofika. Nilikuwa nimewabeba mgongoni siku ishirini, nao walikuwa wananishangilia kwa ujinga nisioufanya. Niliketi nikajiambia: haya, watajua.

Kesho yake mchana nilikuwa nanakili karatasi ya mwisho ya kazi ile. Kulikuwa na kijiji namba thelathini na moja, chenye vitongoji vingi. Nilipofika kisanduku cha sabini na mbili vilikuwa vimebaki vitongoji viwili. Mia nne kumi na mbili, na mia tatu sitini na saba. Ukiweka na alama zake za kujumlisha vinajaza visanduku vinane sawasawa, hakuna kinachozidi wala kupungua. Nilivitazama. Halafu nikaviandika humo.

Sikukusudia mtu akose chakula. Nataka hilo lisomwe, hata kama halisaidii. Wale wasichana wa Dar walikuwa wakali. Waliwahi kuturudishia bunda zima kwa sababu ya saba moja isiyo na mshipi, na barua juu yake yenye maneno ya kuchoma. Nilikuwa na hakika wataurudisha mstari ule. Ningesimama mkutanoni, ningeisoma barua ile neno kwa neno, na katibu angekuwa ndiye anayetazama viatu. Mstari mmoja tu, kama chambo. Nilifunga kamba kwa mikono yangu, na nadhani nilikuwa napiga mluzi.

Majuma mawili baadaye majibu yakaja. Hakuna barua. Mashine ilipiga chapa kwanza maelekezo yetu yote kama yalivyokuwa kwenye kadi, na nilipofika thelathini na moja, vitongoji vyangu viwili vilikuwa pale mwishoni mwa mstari, vimechapwa vizuri, vyeusi, vinasomeka. Nilishuka moyo. Nikafikiri, labda wamenunua mashine mpya, inasoma vyote themanini; labda Mzungu amepitwa na wakati na mimi pamoja naye. Sikujua wakati ule kwamba mashine huchapa kila ilichopewa, hata kile ambacho haikukisoma. Kurasa mbili mbele kulikuwa na jumla ya watu wa kijiji hicho. Kujumlisha kwa penseli na kulinganisha kungenichukua dakika mbili. Sikujumlisha. Nani hupenda kuthibitisha kwamba alikosea? Nilikunja karatasi, zikaenda wilayani, na malori yakaanza kutoka kila asubuhi barabara ya Musoma, yakipita Igoma na vumbi lao.

Kilichofuata kilikuja taratibu. Binti Mjita alikuwa akipata barua kutoka kwa mama yake kila mwezi, ambazo mwanafunzi mmoja wa huko alimwandikia. Mwezi huo haikuja. Wa pili haikuja. Akaniuliza siku moja, bila kuinua macho kwenye karatasi, "Kaka, kijiji cha kwetu ni namba ngapi?"

"Haturuhusiwi kujua," nikamjibu. "Unajua hilo."

"Najua. Nilitaka tu kuona kama tumewaandikia vizuri."

"Tumewaandikia wote vizuri. Kanuni ni kanuni, dada." Nilisema kwa sauti yangu ya ualimu. Akaitikia, ndiyo kaka, akaendelea kuandika, na niliona penseli yake imesimama mahali pamoja muda mrefu.

Akaomba likizo akaenda. Siku zake za ruhusa zikaisha, hakurudi. Mkubwa wa ofisi akaanza kukunja uso, katibu akauliza mara mbili. Wiki ya tatu aliingia asubuhi mapema kabla ya wote, na nilipofungua mlango nilimkuta ameketi mezani kwake, kitambaa cheusi kichwani, na chini ya kitambaa hamna nywele.

Nilimpa pole. Mkubwa alipofika naye akampa pole, akamkalisha, akamuuliza kwa upole kilichotokea. Aliongea kama mtu anayesoma ripoti. Kitongoji chao kilikuwa cha mwisho kuhama. Watu wa maji wale, hawakutaka kuacha mitumbwi, mpaka walipokuja kuhamishwa kwa nguvu. Mahindi ya kwanza yalipofika, mwenyekiti wa kijiji aligawa kwa karatasi iliyotoka wilayani, na karatasi ilitosha waliotangulia tu. Wao na jirani zao waliofika nyuma hawakuwemo.

"Hamkuuliza?" mkubwa alisema. "Miezi miwili, hamkuja hata wilayani?"

"Hatukuuliza, mzee." Hapo ndipo sauti yake ilipotikisika. "Mwenyekiti alisema, ninyi mliochelewa, serikali imewaona. Watu wakaamini ni adhabu. Tulijua kweli tumechelewa. Sasa utauliza nini?"

Mama yake alikuwa akiwapa wadogo zake chakula alichokipata, yeye akinywa maji ya moto. Kuhara kulipoingia kijijini hakukumkuta na kitu mwilini. Wengine pia walikuwa wamezikwa, upande ule ule wa kilima. Binti alisema hakuyahesabu makaburi, na kwa sababu fulani jambo hilo lilinitisha kuliko kama angetaja idadi.

Mkubwa alikwenda kwenye kabati, akafungua, akapitisha kidole kwenye orodha ya majina. Nilijua kabla hajasema.

"Thelathini na moja," akasema.

Nakala za karatasi zetu zilikaa kwenye faili, maana kila karatasi tuliyotuma tuliinakili kwa kaboni. Wakaileta mezani. Katibu naye alikuwa ameingia, kofia mkononi. Binti akachukua penseli, akaanza kuhesabu visanduku kimoja kimoja kutoka kushoto, midomo ikicheza, na hakuna aliyemharakisha. Akafika sabini na mbili. Akaweka penseli chini.

Katibu aliinama akatazama vile vilivyobaki kulia. Alisoma namba mbili zile kwa kunong'ona, akavaa kofia yake, akaivua tena. "Kumbe," alisema. Tangu siku hiyo hakusimama tena katika mkutano wowote, na miezi michache baadaye akaomba kurudi kijijini kwao.

"Mkono huu ni wa nani?" mkubwa aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Nadhani aliuliza tu kwa sababu mkubwa lazima aulize.

Tulikuwa wanne tumesimama pale. Wenzetu wawili walitazamana. Kila mmoja angeweza kuwa yeye, na wao wenyewe hawakuwa na njia ya kujua. Nilifikiria neno lile lisilotajwa. Nilifikiria gereza la Butimba, ambalo nililipita kila Jumapili nikienda kanisani. Nilikuwa najiambia, nikivuta pumzi moja tu nitasema. Moja tu.

"Wangu, mzee," binti akasema.

"Una hakika?"

"Hii saba ni yangu. Ndivyo ninavyoifunga."

Mkubwa alinigeukia mimi, mkaguzi, mtu wa kanuni. "Ni kweli?"

Nikasema sijui. Nikasema, mzee, mikono yetu inafanana.

Mkubwa akatamka kwamba hakuna wa kulaumiwa, azimio lilikuwa la wote, na akaniamuru nisahihishe mara moja. Nilisahihisha. Nilikoma sabini na mbili, nikashuka, nikaweka alama ya mwendelezo, nikaandika vitongoji viwili. Ilichukua chini ya dakika moja. Awamu iliyofuata ya malori iliwafikia.

Binti hakukaa. Kulikuwa na wadogo watatu kule kijijini na hakuna mtu mzima wa kuwatazama, kwa hiyo aliandika barua ya kuacha kazi, kwa mwandiko wetu ule ule, herufi kubwa zilizonyooka. Alikuja kuniaga wakati wa chakula cha mchana, wenzetu wameteremka. Nilikuwa peke yangu na karatasi mbele yangu. Alivuta kiti, halafu hakukikalia.

"Kaka," akasema, "wewe ulisema. Ulisimama mbele ya watu wote ukasema mashine haisomi pale, na mimi nilikuwepo nikasikia. Halafu nikaenda nikaandika vile vile. Tena kwetu."

Nilisema yaliyopita si ndwele. Ndiyo, nilisema hivyo.

"Nimelala nikiwaza nimwombe nani msamaha," akaendelea. "Mama hayupo. Wadogo zangu hawataelewa. Nikaona nije kwako, maana ndiye uliyenifundisha." Akapiga magoti, kama wanavyopiga mbele ya mkubwa, mikono yake miwili ameikutanisha. "Naomba unisamehe, kaka."

Dirisha lilikuwa wazi. Chini barabarani wenzangu walikuwa wanarudi, nilisikia wakicheka. Nilikuwa na muda wa kutosha, angalau dakika mbili kabla hawajafika ghorofani.

"Inuka, dada," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Akanishukuru.